Boksi linasema saa 30,000, mbona taa zangu za LED zimefifia kabla ya miaka miwili?

*"Miezi 20 iliyopita nilifunga taa sita nyeupe za LED, zote za aina moja, wati 12 kila moja. Nne niliziweka sebuleni, ndani ya yale mabakuli ya kioo yanayofungwa darini. Mbili ziko kwenye korido, zimening'inia wazi. Zote zinawaka kama saa tano kila usiku. Sasa tatu za sebuleni zimefifia mpaka nikitaka kusoma inanibidi niwashe taa ya mezani, na moja kati ya hizo imebadilika rangi, imekuwa ya kibuluu. Ya nne inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, baadaye inatulia. Za korido hazina neno. Boksi limeandikwa saa 30,000. Fundi mmoja ameniambia umeme wangu ni mdogo. Rafiki anasema nimeuziwa bandia, na kwamba nifungue ile inayozimika, nitafute chipu yenye doa jeusi, niiunganishe kwa risasi ya kulehemu na itawaka kama mpya. Jirani naye anasema ni ile tabia ya watoto ya kuwasha na kuzima ovyo. Nimsikilize nani? Na je, mwanga huu wa kibuluu unadhuru macho?"*

Ndugu yangu, umewasikiliza watu watatu, lakini jibu umelileta mwenyewe, limejificha katikati ya swali lako. Taa sita za aina moja, umeme mmoja, saa zilezile kila usiku. Nne zilizofungiwa ndani ya kioo zimeugua zote, mbili zilizo wazi ni nzima. Umeme ungekuwa ndio mkosaji, wa korido ungekuwa mkosaji vilevile. Zingekuwa mbovu kwa sababu ya ubandia tu, za korido nazo zingeanza kuonyesha dalili. Kinachozitofautisha taa zako ni bakuli la kioo, na kazi ya bakuli hilo, bila wewe kukusudia, imekuwa kuzipika.

Malalamiko yako ni ya haki hata hivyo. Saa tano kwa usiku, kwa miezi 20, ni kama saa 3,000, yaani sehemu moja ya kumi ya ulichoahidiwa. Kwa hiyo tuna maswali mawili: kwa nini joto linaumiza LED kiasi hicho, na ile namba ya kwenye boksi ilitoka wapi.

Watu wengi huamini kwamba LED haipati joto. Nadhani imani hii ilizaliwa pale mtu alipoweka mkono mbele ya taa ya LED akaona hauchomwi, tofauti na balbu ya zamani. Ni kweli mwanga wa LED hauchomi, lakini joto lipo, ila limeelekea nyuma. Balbu ya zamani ilikuwa waya wa tangsteni uliopashwa hadi nyuzi zaidi ya 2,000, na joto lake kubwa lilirushwa nje pamoja na mwanga, kama joto la jua linavyotufikia. Balbu ile ilitaka kuwa moto, ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi, na ukiifungia ndani ya kioo haikujali sana. LED haiwezi kurusha joto lake namna hiyo. Katika taa ya wati 12 kama yako, kwa makadirio, wati nne hivi ndizo zinazogeuka mwanga. Nane zilizobaki ni joto, na sehemu kubwa yake inazaliwa ndani ya chipu, vile vipande vinavyotoa mwanga, ambavyo kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kichwa cha pini. Joto hilo lina njia moja tu ya kutoka: lipite kwenye risasi iliyoshika chipu, liingie kwenye kibati cha alumini, lishuke kwenye mwili wa taa, kisha hewa ya nje ilichukue. Ukiifunga hewa ile ndani ya bakuli, hewa yenyewe inapata moto, na joto la chipu linakosa pa kwenda. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinachoila LED ni joto lake yenyewe.

Sasa tuingie ndani kidogo, maana ukielewa mwanga mweupe unavyotengenezwa utaelewa pia kwa nini moja imefifia na nyingine imegeuka buluu.

Hakuna chipu ya LED inayotoa mwanga mweupe. Chipu hutoa rangi moja, kutegemea semikondakta iliyotengenezewa. LED nyekundu ilionekana mwaka 1962, lakini ile ya buluu yenye nguvu ilisumbua wanasayansi kwa miaka 30 hivi. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio walioifanikisha, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ukishakuwa na buluu, nyeupe ni ujanja: juu ya chipu unamwaga tabaka la silikoni lililochanganywa na unga wa njano uitwao fosfa. Sehemu ya mwanga wa buluu inapenya, sehemu inamezwa na unga na kutolewa tena ikiwa ya njano, na jicho likichanganya buluu na njano linaona nyeupe. Ule mraba wa njano unaouona taa ikiwa imezimwa ndio huo unga. Taa yenye mwanga wa umanjano, ile ya kelvini 2,700 (kelvini hapa ni kipimo cha rangi ya mwanga), ina unga mwingi au unga wenye wekundu. Ile ya kelvini 6,500 ina unga kidogo, buluu nyingi inapita.

Kwa hiyo taa nyeupe ya LED ni mkusanyiko wa vitu kadhaa, na kila kimoja kinazeeka kivyake. Chipu kwanza. Ndani yake mwanga huzaliwa pale elektroni inapoangukia kwenye nafasi tupu ndani ya fuwele. Fuwele ikiwa safi, anguko lile linatoa mwanga. Pakiwa na kasoro, linatoa joto tu. Kadiri saa zinavyokwenda kasoro zinaongezeka, na joto na mkondo mkubwa wa umeme ndivyo vinavyoziharakisha. Umeme unaoingia ni uleule, mwanga unaotoka unapungua, na tofauti yake inakuwa joto la kuongeza kasoro nyingine. Hata hivyo nikwambie ukweli: chipu nzuri ni ngumu sana. Katika taa ya nyumbani ni nadra chipu yenyewe kuwa ya kwanza kuanguka.

Kinachoizunguka ndicho dhaifu. Kuta nyeupe za plastiki zinazozunguka chipu, ambazo kazi yake ni kurudisha mwanga mbele, hugeuka kahawia zikikaa kwenye joto kali na mwanga wa buluu kwa muda mrefu. Mwanga unazaliwa, halafu unamezwa na ukuta mchafu. Silikoni ya bei rahisi nayo hupoteza uangavu au kupasuka. LED nyeupe za mwanzo, zile za mviringo za milimita tano zilizokuwa kwenye tochi ndogo, zilifunikwa na epoksi badala ya silikoni, na epoksi ile ikigeuka njano haraka sana. Wengi walioonja LED enzi hizo ndio waliobaki na kumbukumbu mbaya. Chini ya chipu kuna tabaka la fedha la kuakisi mwanga, nalo huwa jeusi likikutana na salfa, kama inayotoka kwenye baadhi ya mipira ya kuzibia maji. Na kuna jambo la ajabu: mvuke wa gundi au rangi ukifungiwa pamoja na LED kwenye nafasi isiyo na hewa huweza kupenya kwenye silikoni na kuifanya kahawia, na mara nyingine ukifungua taa ikapata hewa huku inawaka, ukahawia ule hupungua wenyewe. Bakuli lililofungwa, kama unavyoona, lina lawama zaidi ya moja.

Halafu kuna draiva, ile saketi ndogo iliyojificha shingoni mwa taa, inayobadilisha mkondo geu wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu uliodhibitiwa. Hapa ndipo kwenye makaburi mengi. Draiva nyingi zina kapasita ya elektroliti, kikopo kidogo chenye umajimaji ndani, na umajimaji ule hukauka taratibu. Kanuni ambayo mafundi wa elektroniki huitumia ni kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hiyo yanakatika nusu. Chukua kapasita ya kawaida iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Ukiiweka kwenye nyuzi 65 itakupa karibu saa 32,000, na mwenye kiwanda atakuwa mkweli akiandika 30,000. Iweke kwenye nyuzi 95, ndani ya shingo ya taa iliyofungiwa kwenye kioo, na imebaki saa 4,000. Linganisha na saa zako 3,000. Sijapima joto la sebuleni kwako, lakini hesabu hii inaonyesha jinsi taa ileile, kutoka boksi lilelile, inavyoweza kuishi miaka mingi kwenye korido na miaka miwili darini.

Sasa namba ya boksi. Hakuna aliyekaa na taa yako saa 30,000 akiitazama. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo angehitaji zaidi ya miaka mitatu ya kuiwasha bila kuizima, na kufikia hapo aina hiyo ingekuwa imeshatoka sokoni. Kinachofanyika ni hiki. Mtengenezaji wa chipu huziwasha chipu kwenye maabara kwa angalau saa 6,000, kwenye joto linalodhibitiwa, na kupima mwanga wake kila baada ya muda. Kisha huchora mstari na kuuendeleza mbele kukadiria ni lini mwanga utafika asilimia 70 ya ulivyoanza. Hapo ndipo "maisha" yanahesabiwa kuwa yamekwisha, na kipimo hicho huitwa L70. Kanuni za wahandisi wa mwanga wa Marekani, zilizotolewa mwaka 2008 na 2011, zinaruhusu kuuendeleza mstari huo mara sita tu ya muda uliopimwa, na ndiyo sababu utakutana mara kwa mara na namba 36,000 kwenye karatasi za taa: ni 6,000 mara sita, basi.

Angalia kinachokosekana hapo. Kilichopimwa ni chipu. Draiva haimo, kapasita haimo, bakuli lako halimo. Na hata hiyo L70 ikitajwa bila maelezo mengine kwa kawaida ina maana kwamba nusu ya taa zitakuwa zimeshuka chini ya asilimia 70 ifikapo saa hiyo. Si ahadi kwa kila taa moja moja. Namba ya kwenye boksi siiiti uongo, lakini inazungumzia kitu kingine, si kile ulichofikiri umenunua.

Ajabu nyingine ya L70 ni jicho lako. Mwanga ukishuka kwa asilimia 30 polepole kwa miaka, watu wengi hawatambui, kwa sababu jicho halipimi mwanga kama mizani inavyopima uzito. Linajizoesha. Kwa hiyo wewe uliyefikia kushindwa kusoma, sidhani taa zako zimeshuka kidogo. Kuna uwezekano mkubwa zimepita hapo kwenye asilimia 70 zamani.

Nirudi kwa wagonjwa wako mmoja mmoja.

Zile mbili zilizofifia bila kubadilika rangi zina sababu tatu zinazowezekana, na nakuomba uanze na ile rahisi kabisa: toa bakuli, lioshe, pangusa taa ikiwa imezimwa na imepoa. Nimeshaletewa taa "mbovu" ambazo shida yake ilikuwa vumbi na wadudu waliokaukia ndani ya kioo. Baada ya hapo fanya jaribio la kubadilishana. Chukua taa moja ya korido na moja ya sebuleni, ziwashe zote mbili nje ya bakuli juu ya karatasi nyeupe, kwa umbali sawa. Zikilingana, taa ni nzima, kioo ndicho kilichokuwa kichafu. Ya sebuleni ikiwa hafifu tangu sekunde ya kwanza, imezeeka na haitarudi. Ila kuna hali ya tatu: inaanza na mwanga mzuri, kisha baada ya dakika 10 au 20 inashuka. Hiyo ni draiva inayojilinda. Baadhi zina akili ya kupunguza mkondo zikihisi joto limezidi, na taa ya namna hiyo inaweza kurudi kwenye afya ukiitoa kwenye bakuli.

Ile ya kibuluu nina uhakika zaidi nayo. Buluu ndiyo rangi ya asili ya chipu. Tabaka la silikoni na fosfa likipasuka au kubanduka, buluu inapita bila kuchanganywa. Hili halijawapata watu wa nyumbani tu. Miaka ya mwanzoni mwa 2020 miji kadhaa ya Marekani na Kanada ilishtuka kuona taa zake za barabarani zimekuwa za zambarau, na chanzo kilikuwa hikihiki, fosfa kubanduka kwenye chipu. Watengenezaji walizibadilisha chini ya dhamana. Yako nayo haina dawa, ibadilishe.

Ile inayowaka na kuzimika ina kiungo kilicholegea, au kapasita iliyokwisha. Vipande vilivyomo ndani ya taa vinapata moto na kutanuka, uzi mwembamba au risasi iliyopata ufa inaachia, taa inazimika. Ikipoa inasinyaa, inagusana tena, inawaka. Ndiyo maana unaona ule mdundo. Na hapa ndipo penye ushauri wa rafiki yako, ule wa kuunganisha chipu yenye doa jeusi.

Doa lile ni la kweli. Chipu ndani ya taa hizi huungwa mfuatano, mkia kwa kichwa, kwa hiyo moja ikikatika zote zinazimika, na iliyokatika mara nyingi huonyesha doa dogo jeusi katikati ya mraba wa njano. Ukiiruka kwa risasi, taa itawaka, sikatai. Nimefanya hivyo nikiwa kijana na nikajiona mganga. Lakini zilizobaki sasa zinabeba mzigo wa mwenzao aliyekufa, au draiva ndiyo inayobeba, na joto lililomuua wa kwanza bado lipo palepale. Kwa kawaida inafuata nyingine baada ya wiki chache. Hatari yenyewe ndiyo inayonifanya nikukataze: draiva za bei ya chini hazitenganishi chipu na umeme wa ukutani. Kile kibati cheupe chenye chipu, ambacho kinaonekana kama kitu cha kuchezea, kinaweza kuwa na volti zote za nyumba yako taa ikiwa imewashwa bila kifuniko. Hata ukiichomoa, kapasita inaweza kubaki na chaji. Asiye fundi aiache.

Fundi aliyesema umeme ni mdogo hakukosea kila kitu. Volti zikishuka sana, taa zenye draiva rahisi hufifia kweli. Lakini hufifia papo hapo, zote pamoja, na umeme ukirudi zinarudi. Hazifanyi kinyongo cha miezi. Tena taa nyingi zilizoandikwa volti 100 hadi 240 hutoa mwanga uleule kwenye upana wote huo. Kinachozidhuru draiva kwa kweli ni kinyume cha alichosema: kuruka ghafla kwa volti, hasa umeme unaporudi baada ya kukatika au radi inapopiga jirani.

Jirani yako amerithi ushauri wa taa nyingine. Zile taa ndefu za flurosenti, pamoja na ndogo za kujisokota, zilichakaa kila zinapowashwa, kwa sababu kuwasha kulikula ncha zake za ndani. LED haina ncha hizo. Waache watoto wazime. Kila dakika iliyozimwa ni dakika ambayo haizeeki.

Basi ufanye nini? Kama mabakuli yanaweza kubaki bila kifuniko, au kufunguliwa upande mmoja hewa ipite, anza hapo, ni bure. Kama unayapenda yalivyo, nunua taa zilizoandikwa wazi kwamba zinafaa kwa vifuniko vilivyofungwa. Nyingi zina maandishi madogo yanayosema kinyume, na watu hatuyasomi. Chagua wati ndogo. Ninajua hili linaonekana la ajabu kwa mtu anayelalamikia giza, lakini taa mbili za wati sita zilizotawanyika zinatoa mwanga kama wa moja ya wati 12, na kila moja ina nusu ya joto la kuhangaika nalo. Usitazame wati peke yake, tazama lumeni, maana ndizo mwanga wenyewe: taa inayotoa lumeni 1,000 kwa wati nane ina joto dogo kuliko inayotoa lumeni hizohizo kwa wati 12. Ipime mkononi pia. Hii si sayansi kamili, ila taa nyepesi kama kikombe cha plastiki kwa kawaida haina alumini ya kutosha kubeba joto lake.

Tofauti kati ya LED iliyotunzwa na iliyokamuliwa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2011 taa ya Philips ilishinda shindano la Idara ya Nishati ya Marekani lililotafuta mbadala wa balbu ya wati 60. Taa za aina hiyo ziliachwa zikiwaka kwenye joto la nyuzi 45 kwa zaidi ya saa 25,000, na mwanga wake haukushuka kiasi cha jicho kuona. Zilikuwa nzito, zenye mapezi ya alumini, na ghali. Baadaye kampuni hiyohiyo ikatengeneza kwa ajili ya Dubai taa zinazotoa lumeni 200 kwa kila wati, kwa njia rahisi tu: ziliwekewa LED nyingi zaidi, kila moja ikapewa mkondo mdogo. Taa nyingi za bei nafuu hufanya kinyume chake, chipu chache zilizosukumwa mpaka mwisho. Mwanga wa siku ya kwanza unapendeza, na mauzo ni ya siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo, kama una swichi ya kupunguzia mwanga na taa imeandikwa inakubali kupunguzwa, kuitumia kunairefushia maisha, kwani mkondo mdogo ni joto dogo. Taa isiyokubali usiifunge kwenye swichi hiyo. Itapepesa, itanguruma, na itakufa mapema.

Macho yako hayaharibiwi na taa hafifu, ingawa yanachoka. Ile ya kibuluu kwa mwanga wa kawaida wa chumbani haina hatari kwa macho, ilimradi hukai ukiikodolea. Shida yake kubwa ni kwamba buluu nyingi usiku huchelewesha usingizi. Inayopepesa ndiyo ya kuondoa haraka, hasa kama kuna mtu nyumbani mwenye kipandauso au kifafa. Kupepesa kwingine hakuonekani kwa jicho: elekeza kamera ya simu kwenye taa, ukiona mistari mizito ikitembea kwenye picha, mwanga ule unapigapiga, na ukipata maumivu ya kichwa ukiwa chini yake hujifikirii tu.

Kuna mambo ambayo sitaki uyapime mwenyewe wala kuniandikia kwanza. Mwite fundi umeme mwenye leseni, aje na mita yake, ukiona holda imekuwa ya kahawia au imeyeyuka, ukisikia harufu ya plastiki kuungua au sauti ya cheche nyuma ya swichi, au taa mpya ikifa ndani ya wiki mahali palepale ilipokufa ya kwanza. Na kuna dalili moja inayotaka uzime swichi kuu mara moja: taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kawaida huku za chumba kingine zikififia, au zote zinabadilikabadilika kila kifaa kikubwa kinapowashwa. Hapo yawezekana waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, umelegea au umekatika, na kwenye umeme wa fezi tatu volti zinaweza kupanda kukaribia 400 kwenye baadhi ya vyumba. Balbu ni kitu kidogo kwenye hasara ya namna hiyo.

Kwako sioni dalili hizo. Ile inayozimika itoe leo. Ukiwa na risiti, zirudishe zote nne, maana nyingi huuzwa na dhamana ya miaka miwili na wewe umebakiwa na miezi minne. Ukiulizwa kama zilikuwa ndani ya bakuli lililofungwa, sema kweli, ila kwanza soma boksi: kama halijakataza mahali popote, hoja ni yako. Zikipelekwa kutupwa, ziende na takataka za elektroniki. Hazina zebaki kama flurosenti, lakini saketi ni saketi. Na utakapofunga mpya, andika tarehe shingoni mwa kila moja kwa kalamu ya wino usiofutika. Siku utakapohitaji kudai dhamana tena, hutahitaji kukumbuka.